Mwaka wa Watu wa Mwezi

Wambura tulimzika Bugwema, kwenye udongo mweusi ule unaong'ang'ania viatu, na mchungaji aliposoma wasifu wa marehemu alianzia shule ya msingi akaruka moja kwa moja hadi kwenye kilimo. Mkulima hodari, mzee wa kanisa, babu wa wajukuu. Nilikaa chini ya turubai pamoja na akina mama, nikisubiri nisikie mwaka wetu ukitajwa hata kwa nusu sentensi, na haukutajwa. Baadaye, wakati wa chakula, binti yake mkubwa Neema, ambaye ni mwalimu, alikuja akakaa karibu yangu akaniuliza kwa heshima, "Shangazi, samahani, baba ulimfahamia wapi?" Nikamwambia tulicheza naye disko. Alitabasamu kama mtu anayemvumilia mgonjwa. "Baba? Baba hata kwenye harusi yangu alikataa kusimama. Alisema magoti." Sikubishana naye. Masatu, aliyekuwa kiongozi wetu, alishatangulia miaka mingi, na Bhoke, wa nne wetu, yuko Tarime, miguu imevimba, alituma rambirambi kwa simu. Pale chini ya turubai hapakuwa na mtu mwingine wa kuniunga mkono, na ugali ulikuwa unapoa, na mimi nilikuwa nimechoka na safari. Kwa hiyo sikumweleza Neema siku ile. Namweleza sasa.

Ulikuwa mwaka ule ambao vitu vilikwisha. Vita ilishapita, lakini ni kama ilikuwa imeondoka na sabuni, sukari, mafuta ya taa na kanga, ikasahau kurudisha. Tulifulia majani ya mpapai. Chai tuliinywa ya rangi, bila sukari, tukaizoea hadi leo sukari inanikera. Mimi nilikuwa kijana wa kike niliyetoka shule juzi, nimepata kazi kwenye kiwanda cha nguo pale Musoma, na hicho ndicho kichekesho cha mwaka ule: tulitengeneza kitambaa kutwa nzima, tukatoka getini na magauni yenye viraka, kwa maana kitambaa kilipandishwa kwenye malori kikaenda tusikokujua. Halafu mashine nazo zikaanza kusimama. Leo hakuna mafuta mazito, kesho hakuna kipuri, kesho kutwa pamba ipo lakini hakuna rangi. Tuliendelea kuripoti kazini kwa sababu mwaka ule mtu asiye na kazi aliitwa mzururaji, na wazururaji walikuwa wanakusanywa. Tulikaa kwenye mabenchi ya idara ya ukaguzi, mimi na Bhoke meza moja, tukisikiliza shomoro waliokuwa wameshajenga viota juu ya mitambo. Mtu wa kwanza kupunguzwa alikuwa Wambura, ambaye kazi yake ilikuwa kupakua marobota ya pamba. Pamba isipokuja, mpakuaji ni wa nini?

Wazo lilikuwa la Masatu. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda, mfupi, mwenye maneno mengi, na alikuwa na deki ya kanda iliyoletwa na mjomba wake aliyekuwa baharia. Siku moja alikuja na picha aliyoichana kwenye gazeti la zamani, wacheza disko wa Ulaya wamevaa mavazi ya kung'aa kama watu waliotoka kwenye roketi. "Watu hawana nguo," alisema. "Basi sisi tuwaonyeshe nguo ambazo hawajawahi hata kuziota." Kila kiwanda kilitakiwa kiwe na kikundi cha utamaduni, na chetu kilikuwa kimekufa, kwa hiyo msimamizi aliona ni nafuu kutuandikisha sisi kuliko kutafuta wapiga ngoma. Akatupa vipande vya kitambaa vyenye kasoro, akaturuhusu kuchukua debe la rangi ya fedha, ile ya kupaka matangi na mabati, lililokuwa linakauka stoo. Mimi nilikuwa na cherehani ya mkono chumbani kwangu Buhare, kwa hiyo ushonaji ukawa wangu. Jina la Watu wa Mwezi alilitoa Bhoke, kwa dhihaka tu, na likabaki.

Chumba hicho nakikumbuka kuliko nyumba zote nilizoishi baadaye. Kitanda cha kamba, cherehani juu ya sanduku, dirisha moja linaloangalia jiko la jirani, mzee balozi wa nyumba kumi na mkewe. Suruali na mashati yakishashonwa niliyatandaza sakafuni, tukayapaka rangi kwa brashi, na harufu yake ilitoa machozi. Nguo ikikauka ilisimama yenyewe, kama kuna mtu ndani. Kofia za kichwani hatukuwa na cha kutengenezea, mpaka Wambura alipoleta vibuyu vikubwa kutoka kwao, vya kugandishia maziwa, tukavikata, tukatoboa macho, tukavipaka fedha. Cha kwake hakikuwahi kuacha kunuka mtindi. Siku moja, tukiwa wanne tumekaa kimya tunasubiri rangi ikauke, tukamsikia mke wa balozi upande wa pili wa ukuta. "Hawa watoto wanapikaga nini humo? Kunanuka kama gari." Mzee akajibu, "Wanashona." "Kushona kunanuka hivyo?" Mzee akasema, "Mama, mwaka huu kila kitu kinanuka vingine. Lala." Na ilikuwa mchana. Bhoke alijiziba mdomo kwa godoro ili asicheke.

Tulicheza bugi, disko la Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa mjini, Masatu akiunganisha deki kwenye betri ya gari kwa sababu umeme haukuaminika. Rangi ile haikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mwili wa binadamu. Ilipasuka kwenye viwiko na magoti, ikachubua shingo, na jasho likiingia humo unatamani kulia. Kuitoa kwenye ngozi tulitumia mafuta ya sangara. Samaki huyo alikuwa ameanza kujaa ziwani, watu wengi hawamtaki bado, wanasema amekula furu, samaki wadogo wa ziwani, wote, na nyama yake ina mafuta kama nguruwe, kwa hiyo mafuta yake yalipatikana. Kila Jumapili jioni nilinuka gereji na samaki. Lakini ukumbini watu walipiga kelele hadi mabati yakatetemeka, na mtu waliyempigia kelele zaidi alikuwa baba yako, Neema. Sisi watatu tulicheza. Yeye alisimama. Wimbo ulifika nusu yeye amesimama tu, mrefu, fedha tupu kutoka utosini hadi miguuni, watu wameanza kumwita, "Mwezi! Mwezi!", na ndipo bega lake moja, moja tu, likashuka na kupanda. Ukumbi mzima ulipasuka. Sijui alijifunza wapi. Nilipomuuliza alisema alikuwa anasubiri mpaka achoke kusubiri.

Mimi na yeye tulikuwa na lugha yetu ambayo haikuwa na maneno mengi. Alinishikia kitambaa nikishona. Aliniuliza kila alipoingia, "Nyangeta, umekula?" na mimi nikimuuliza yeye, alisema ameshiba. Tulikula pamoja kwangu, ugali wa muhogo na dagaa, na Bhoke alikuwa akichekelea kwamba mtu mrefu namna ile anamega tonge kama la kuku. Ameshiba, alisema, amekula kwa rafiki yake. Nilikuwa najua ni uongo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa napunguza suruali yake kiunoni, na kila mwezi niliipunguza tena. Mwaka ule watu wengi walikuwa wanakonda na ilikuwa ni adabu kutotazama. Kulikuwa na makubaliano kati yetu kwamba mambo yakitengemaa atakwenda na wazee kwetu, na "mambo yakitengemaa" yalikuwa ni maneno ambayo nchi nzima ilimalizia kila sentensi.

Msimu wa pamba ulipofika tuliitwa Bunda, kwenye ghala la chama cha ushirika, na kama kuna siku kikundi chetu kilifika mahali, ni siku ile. Tulipanda juu ya lori tupu lililokuwa linakwenda kuchukua pamba. Watu walitoka vijijini na baiskeli, wengine na ng'ombe wao, kwa sababu habari ilienea kwamba kuna watu wa chuma. Tulicheza juu ya jukwaa la marobota, laini hata miguu inazama, vumbi la pamba likielea kwenye mwanga wa mlangoni kama mvua isiyotua. Bibi mmoja alipanda akamshika Wambura mkono, akamkwaruza kwa ukucha, akaitazama ile fedha kidoleni. Baadaye, tumekaa nyuma ya ghala kula, tuliwasikia wazee wawili wanabishana. "Nakuambia hao ni wazungu." "Wazungu hawanaga miguu ya hivyo, mura. Ile ni miguu ya Mkwaya wa kule ziwani." "Sasa Mkwaya anang'aaje?" Walitupikia nyama ya ng'ombe, sufuria nzima, na ugali wa mtama. Nilimtazama Wambura akila. Hakumega tonge la kuku siku ile. Alikula ameinama, hazungumzi, mafuta yanamtiririka hadi kwenye kiwiko, na alipomaliza aliegemea ukuta akafumba macho, na mimi nikajifanya namtazama Bhoke.

Walimkamata Jumapili iliyofuata, Musoma, jua bado liko juu. Tulikuwa ndiyo tunatoka ukumbini, watu wametuzunguka, na nje kulikuwa na mgambo na lori lenye watu ndani. Waliuliza vitambulisho vya kazi. Mimi, Bhoke na Masatu tulivitoa kwenye mfuko wa Masatu. Wambura hakuwa nacho. "Kazi yako nini?" mgambo akamuuliza. Wambura akavua kibuyu. "Nacheza," alisema. Mgambo, kijana wa rika letu, uso wake umechoka kama wetu, akamtazama kutoka juu hadi chini. "Kucheza ni kazi? Na hilo bati ni la nini?" Masatu akaingilia, akaeleza mambo ya kikundi cha utamaduni, akataja jina la msimamizi, sauti yake ikapanda, na kadiri ilivyopanda ndivyo yule kijana alivyozidi kutomsikia. "Apande. Huko mashambani atacheza na jembe." Wambura akanipa kibuyu chake mkononi, akapanda. Hakubisha. Na watu waliokuwa wametuzunguka, Neema, walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Mtu wa mwezi amesimama juu ya lori katikati ya wazururaji, anang'aa, lori linaondoka, na watu wanaita "Mwezi! Mwezi!" wakikimbia nyuma yake. Alitutazama tu. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo na nimezika wengi, lakini makofi yale bado yananichosha.

Ilituchukua muda mrefu kujua amepelekwa wapi, ofisi hii ikituambia nendeni ile. Hatimaye tukaambiwa wengi wa wale wako Bugwema, kwenye shamba la serikali, na kwamba mtu akipatikana wa kumpa kazi anaweza kuachiwa. Masatu, ambaye pamoja na maneno yake mengi alikuwa na moyo, alimwandama msimamizi hadi akakubali kumchukua Wambura afagie kiwanda ambacho kilikuwa hakifanyi kazi. Tukaenda, sisi watatu, sehemu kwa lori na sehemu kubwa kwa miguu. Njiani Bhoke alikuwa anaimba. Tulikuwa tumealikwa kucheza Butiama siku ya mnada, na Masatu alishapanga kila kitu: tunamchukua, tunamlisha, tunampaka rangi, tunasonga mbele. Kitu cha kwanza tulichokiona tulipofika shambani kilikuwa ni Wambura mwenyewe, amesimama katikati ya mtama, amenyoosha mikono, anameremeta. Bhoke akapiga kelele za furaha akamkimbilia. Haikuwa yeye. Ilikuwa suti yake, imejazwa majani, imechomekwa kwenye mti kufukuza ndege kwelea.

Yeye tulimkuta kwenye mfereji, kifua wazi, matope hadi magotini, anafungua maji. Alicheka alipotuona, na nilipotazama uso wake nilishindwa kujua kilichobadilika mpaka aliponikumbatia na mikono yangu ikazunguka kiuno chake. Alikuwa amenenepa. Si sana, lakini mimi nilikijua kiuno kile. Akatupeleka kwenye kibanda walichojengewa, akatukaribisha kwa ugali wa mtama, mlenda na maziwa, akitupakulia yeye mwenyewe, akisisitiza kama mama mwenye nyumba, "Kuleni, kipo kingine." Masatu akamwambia habari njema. Wambura akasikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema harudi.

"Hurudi?" Masatu akaweka bakuli chini. "Mura, watu walikuleta hapa kwa nguvu!"

"Kwa nguvu, ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa hapa ninashiba." Alilisema polepole, kama anaona aibu. "Ninashiba, Masatu. Ninalala usingizi. Kule nilikuwaga nacheza huku naona giza. Mnadhani nilikuwa nasimama kwa ufundi? Nilikuwa nasubiri kizunguzungu kipite."

Bhoke alianza kulia, akila. Masatu akasema, "Na Butiama?" lakini sauti yake ilikuwa imeshakubali. Wambura akasema, "Nendeni. Mimi nina zamu ya maji." Kisha akanisindikiza hadi ukingoni mwa shamba, wengine wametangulia, akasimama kama alivyokuwa akisimama ukumbini. "Baki, Nyangeta," alisema. "Kuna ardhi wanagawa kwa wanaotaka kukaa. Tutajenga." Nikamwambia kesho kutwa nina Butiama. Sikuwa na jibu lingine, na lile lilikuwa la kweli: nilikuwa na miaka ile ambayo mtu anaamini akikosekana mahali, mahali hapo pataharibika. Akaitikia kwa kichwa. Hakuniuliza tena, wala mimi sikurudi. Mwaka uliofuata nilisikia ameoa msichana wa hapo hapo, na huyo, Neema, ndiye mama yako, ambaye juzi alinipa kiti chake msibani bila kujua alikuwa anampa nani. Sikumbuki kama nilijuta. Nakumbuka nilitembea hadi njia kuu nimeshika viatu mkononi, na kila nilipogeuka niliiona ile suti katikati ya mtama, na nilimshukuru Mungu kwamba kulikuwa na umbali wa kutosha kutoona kama ina uso.

Butiama tulicheza watatu, juu ya bodi la lori, pembeni ya mnada wa ng'ombe. Wimbo wa kwanza watu walijaa. Wa pili nao, ingawa walikuwa wanatafuta kwa macho yule mrefu waliyesimuliwa. Katikati ya wa tatu nikaona nyuma yao lori jingine limesimama, na mwanamume amepanda juu ya robota, robota la aina nyingine, si la pamba, analikata kamba. Likafunguka kama tumbo la samaki. Rangi za kila namna zikamwagika juu ya turubai. Mwaka ule ndiyo serikali ilikuwa imeanza kuruhusu vitu viingie, lakini sisi tulikuwa tumesikia tu, hatujaona. Mtu mmoja aligeuka, kisha watu wote wakageuka, na katika muda wa ubeti mmoja tukawa tunaichezea migongo. Betri nayo ilikuwa inaisha, wimbo ukazidi kuwa mzito, mwimbaji akawa anaimba kama mlevi. Masatu hakuacha. Alicheza akiitazama ile migongo, anarusha mikono kwa nguvu zaidi, vipande vya rangi vinamdondoka kama magamba.

Bhoke alivua kibuyu akakaa kwenye ukingo wa bodi, miguu inaning'inia. "Wale wanagawa nini?"

"Nguo," nikamwambia.

"Nguo za nani?"

Mama mmoja aliyekuwa anapita mbio, mtoto mgongoni, ndiye aliyemjibu. "Kafa Ulaya! Za wazungu waliokufa! Njooni kabla hazijaisha!"

Bhoke akaruka chini. Nilimwona anaingia katikati ya wanawake, wakampisha kidogo kwa sababu ya ile rangi ya fedha, halafu wakamsahau, na kila mtu akaendelea kuvuta lake. Alitoka na koti zito la baridi, la kahawia, akalivaa juu ya vazi la mwezi hapo hapo kwenye jua kali, akaingiza mikono. "Lina mifuko!" alinipigia kelele. "Nyangeta, lina mifuko ndani na nje!" Nikashuka. Sikutafuta sana. Nilichukua gauni la pamba, la bluu, lisilo na kitu chochote, lililofuliwa na mtu mwingine mara nyingi mpaka limelainika kama ngozi ya sikio, na nikaliweka shavuni. Nilisimama hivyo, watu wananisukuma huku na huku. Nyuma yangu wimbo ulikuwa umenyamaza. Nilipogeuka Masatu alikuwa amekaa pale alipokaa Bhoke, kibuyu kiko mapajani, uso wake una jasho na alama ya rangi kuzunguka macho, mtu mdogo sana juu ya lori kubwa. Alinitazama, akalitazama lile rundo.

"Nyangeta," aliita, taratibu, asisikike na wengine. "Hebu nitazamie kama kuna suruali."